Lori linakata pumzi mlimani, dereva anabebeshwa lawama!

Kama wewe ni mgeni kwenye kona hii, karibu, vuta kigoda ukae. Hapa tunazungumzia magari kwa lugha ya kijiweni, hatuvai tai.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuongelea matairi ya mtumba. Lakini yaliyomkuta jamaa yangu mmoja wa Tandika yamenifanya niweke matairi pembeni. Ni kisa cha lori, lakini ndani yake kuna fedha, kuna ndoa, na kuna kijana wa watu aliyebakiza siku mbili tu kufukuzwa kazi kwa kosa asilolifanya. Na vyote hivyo vimetokana na kitu ambacho wenye malori wengi hata hawajui kama kipo: presha ya fidi pampu.

Subiri mama, usigeuze ukurasa! Hata kama huna lori, huenda mumeo ni dereva, au mdogo wako ni utingo, au unasubiri saruji ya kumalizia kibanda chako kule Chanika. Habari hii inakuhusu.

TAJIRI NA FUSO LAKE

Jamaa yangu huyu alikuwa karani mpaka alipostaafu. Alipopata kiinua mgongo, wenzake walimshauri ajenge vyumba vya kupangisha Charambe. Yeye akasema hapana, anataka kitu chenye magurudumu, kitu cha kuleta hela kila siku. Akanunua Fuso la mtumba. Ukimwona anavyolipangusa asubuhi utadhani anamwogesha mtoto. Na ana haki, maana pale hakununua lori tu, alinunua uzee wake wote pamoja na ada ya wajukuu wawili anaowalea.

Kazi ikapatikana, kupeleka saruji kutoka Wazo kwenda Kisarawe. Njia mnaijua. Unatoka Tegeta, unapita Mwenge, unashika Sam Nujoma hadi Ubungo, unaingia Barabara ya Mandela mpaka Tazara, unakunja Gongo la Mboto, halafu unaanza kupanda vilima vya Pugu kuitafuta Kisarawe. Dereva alikuwa kijana wa Yombo, mpole, haongei mpaka aulizwe. Mkewe alikuwa mjamzito.

Miezi mitatu ya mwanzo mambo safi, hesabu inaletwa kila jioni. Shida ilianza pale tajiri alipozoea kukaa kijiwe kimoja na wenye malori wenzake. Nanyi mnavijua vijiwe vyetu. Mmoja akamwuliza lori linakula lita ngapi kwa safari. Akajibu. Wote wakacheka.

"Unaibiwa, mzee! Dereva wako ananyonya dizeli, anauza kwa vidumu."

Basi usingizi ukaisha. Kesho yake tajiri akaanza ulinzi. Akanunua daftari la kuandika kilometa. Akabadilisha kufuli la sanduku la spana. Akaenda kwa mafundi wa kuchomelea wakamtengenezea kifuniko kipya cha tangi, cha bati nene, ndani kimewekwa mpira wa tyubu, juu kimepigwa kufuli. Ufunguo akautundika pamoja na wa nyumba yake. Dereva akitaka mafuta, sharti tajiri awepo.

LINAZIMA BILA MOSHI

Haikupita wiki, lori likaanza vituko. Linatoka Wazo na mzigo wake vizuri kabisa. Likifika Tazara linaanza kuwa zito. Likianza kupanda Pugu, dereva anakanyaga mafuta mpaka chini, injini inalia kwa unyonge, halafu kimya. Hakuna moshi, hakuna mlio wa ajabu. Linazima tu kama mtu aliyesinzia kwenye kiti.

Dereva anashuka, anashika pampu ya mkono atoe hewa. Pampu ngumu, ukiivuta inakuvuta. Mkono unauma, jua kali, magari nyuma yanapiga honi. Anampigia tajiri simu. Tajiri anapanda daladala kutoka Tandika, anafika jasho linamtoka. Kitu cha kwanza anafungua kufuli, anachungulia tangi. Mafuta yapo! Anamwambia dereva, "Hebu jaribu tena." Dereva anapiga pampu ya mkono mara chache, anapiga stata, lori hilo linawaka. Wanapanda mpaka Kisarawe bila tatizo.

Mara ya kwanza tajiri alimshukuru Mungu. Mara ya pili akakunja uso. Mara ya tatu akaniambia mimi, "Huyu kijana ananichezea. Mbona kila nikifika mimi linawaka? Anataka nichoke nimpe ufunguo."

Kulikuwa na jambo jingine la kushangaza. Siku tangi likijazwa fulu, ndiyo siku lori linakufa mapema. Siku likiwa na mafuta nusu, linafika Kisarawe bila shida. Tajiri akaona huo ni ushahidi mwingine, "Likiwa na mafuta mengi ndiyo linazima, si unaona anavyopanga?"

Dereva hakusema kitu. Angesema nini? Ukishaitwa mwizi, hata ukikohoa wanasema unaficha kitu.

Kabla ya kumfukuza, tajiri akazunguka kwa mafundi. Wa kwanza akasema nozeli. Zikafunguliwa, zikapimwa, zikarudishwa, hali ile ile. Wa pili akasema fidi pampu imechoka, ikanunuliwa nyingine Gerezani, hali ile ile. Wa tatu akashika kiuno, akasema, "Mzee, hapa tushushe injekta pampu." Alipotaja gharama, zaidi ya laki nane, jamaa yangu alikaa chini kwenye tairi.

Nyumbani nako kukachafuka. Mama watoto akaanza kuuliza ada ya wajukuu iko wapi. Salamu zikawa za kuhesabu. Jumamosi jioni tajiri akamwambia kijana, "Jumatatu ulete funguo za lori, tuachane kwa amani."

MZEE WA MTONI

Mimi nikamwomba kitu kimoja tu, kabla ya Jumatatu twende Mtoni kwa fundi mmoja mzee ninayemfahamu. Mzee huyu aliwahi kushika spana Kibaha, enzi za miaka ya 1980 Scania zilipokuwa zinaunganishwa pale TAMCO. Siku hizi macho yamepungua nguvu, lakini masikio yake bado mazima.

Tulifika Jumapili asubuhi, na kijana naye akiwepo. Mzee hakugusa spana. Alivuta kiti, akamgeukia dereva. Nilipenda hapo. Mafundi watatu walishapita, wote walizungumza na tajiri. Huyu alikuwa wa kwanza kumwuliza anayekaa kwenye usukani.

"Mwanangu, likizima linatoa moshi gani?"

"Halitoi moshi, mzee."

"Linazima ghafla au linapungua nguvu pole pole?"

"Pole pole. Kama linabanwa koo."

"Na linapowaka tena, mnakuwa mmefanya nini?"

Kijana akamtazama tajiri, akainamisha kichwa. "Tajiri anakuja na ufunguo, anafungua tangi kuangalia mafuta. Baada ya hapo linawaka."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Leteni geji."

Sasa msomaji wangu, kabla sijakwambia mzee alifanya nini, inabidi tuelewane kwanza fidi pampu ni mdudu gani.

MPISHI WA CHIPSI NA KIJANA WA VIAZI

Lori la dizeli la aina ya Fuso hili lina pampu mbili za mafuta. Ile kubwa ni injekta pampu, ndiyo inayopeleka dizeli kwenye nozeli kwa nguvu ya kutisha. Kwa injini nyingi za zamani nozeli inafunguka presha ikifika kama baa 200. Hiyo ni nguvu ya kutoboa ngozi, kwa hiyo usiweke kamwe kidole mbele ya nozeli inayopimwa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kutengeneza injekta pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, miaka 30 baada ya Rudolf Diesel kufanikiwa kuonyesha injini yake inafanya kazi mwaka 1897. Nyingi za pampu za mstari tunazoziona kwenye malori yetu ya zamani ni za ukoo huo.

Ya pili ni ndogo, imebandikwa ubavuni mwa ile kubwa. Hiyo ndiyo fidi pampu, wengine wanaiita lifti pampu. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka tangini, kuipitisha kwenye filta na kuifikisha kwa injekta pampu. Presha yake ni ndogo, kwa pampu nyingi za mstari ni kama baa 1 mpaka 2 na nusu, kila injini na kitabu chake. Baa 1 ni kama PSI 14 na nusu. Linganisha na tairi la lori linalojazwa zaidi ya PSI 100, utaona fidi pampu ni mtoto mdogo.

Sasa chukua mfano wa kibanda cha chipsi. Mpishi amesimama kwenye karai, huyo ndiye injekta pampu. Pembeni kuna kijana anamenya viazi, huyo ndiye fidi pampu. Wateja wakiwa wawili watatu, hata kijana akiwa mvivu huwezi kugundua. Subiri saa mbili usiku wateja wakijaa. Kijana akichelewa, mpishi anasimama na mwiko mkononi, mafuta yanaungua, wateja wanatukana. Wanamtukana nani? Mpishi! Kumbe viazi ndiyo havijafika.

Lori ni hivyo hivyo. Likiwa tupu, tena kwenye tambarare, dizeli kidogo inatosha. Likibeba saruji na kupanda Pugu, linataka dizeli nyingi kwa mara moja. Fidi pampu ikishindwa, injini inakosa chakula. Na kwa kuwa inakosa mafuta, haitoi moshi mweusi. Kariri hii: moshi mweusi mara nyingi ni mafuta mengi kuliko hewa, yaani filta ya hewa imeziba au nozeli inakojoa. Kukosa nguvu bila moshi, wakati miguu yako imekanyaga mpaka mwisho, shuku njia ya dizeli.

Fidi pampu ya aina hii ina akili yake. Ndani kuna pistoni, springi na valvu mbili. Ekisentriki ya injekta pampu inasukuma pistoni upande mmoja, na springi ndiyo inayoirudisha na kusukuma mafuta. Mbele kukiwa kumejaa, springi haiwezi kushinda presha iliyoko, pistoni inafupisha mwendo. Yaani inajipunguza yenyewe. Mafuta yanayozidi yanapita kwenye valvu ndogo ya ritani, yanarudi tangini yakiondoka na hewa na joto. Valvu hiyo ndiyo inayoshikilia presha. Springi yake ikilegea, mafuta yanakimbilia tangini na injekta pampu inabaki na njaa.

Kwa hiyo presha ikishuka kuna sehemu tatu za kutazama. Kwanza upande wa kuvuta, kuanzia tangini mpaka fidi pampu. Pili fidi pampu yenyewe na filta iliyo mbele yake. Tatu ritani. Mafundi wengi wanarukia ya pili kwa sababu ndiyo inayouzika dukani.

GEJI HAINA MJOMBA

Turudi Mtoni. Mzee akachukua geji ndogo inayosoma mpaka baa 4, akaiunga kwa kiungio cha njia tatu kati ya filta na injekta pampu. Akaivuta kwa mpira mrefu mgumu wa dizeli mpaka nje ya kioo cha abiria, akaifunga kwenye kioo cha pembeni. Ndani ya kebini hakuiingiza, akasema dizeli ikimwagika miguuni mwa dereva mtakuja kunililia.

Lori lilikuwa na mzigo wa kesho yake, tangi limejazwa. Akamwambia tajiri, "Funga kufuli lako kama kawaida." Tukapanda. Kutoka Mtoni geji ilisoma baa 1 na nusu, imetulia. Tazara, baa 1 na robo. Gongo la Mboto, baa 1. Tajiri akawa anaitazama kama mtu anayetazama matokeo ya mtihani. Tulipoanza kupanda Pugu sindano ikashuka mbele ya macho yetu, nusu baa, robo, na lori likaanza kulalamika. Likazima pale pale linapozimaga siku zote.

Mzee akashuka pole pole. Akamwambia tajiri, "Sasa fungua tangi, lakini weka sikio karibu."

Tajiri akazungusha ufunguo, akalegeza kifuniko.

Fyuuuu!

Hewa iliingia tangini kwa sauti kama mtu aliyekuwa amezama majini akatoa kichwa. Na bati la ubavu wa tangi, lililokuwa limebonyea ndani, likaruka nje kwa kishindo, "dumu!" Tajiri alidhani lilibonyezwa na jiwe siku nyingi. Kumbe lilikuwa linanyonywa.

Dereva akapiga pampu ya mkono, ikawa laini kama siagi. Stata moja, lori likawaka. Geji ikarudi baa 1 na nusu.

Umeelewa? Tangi lazima lipumue. Kila lita inayotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Vifuniko vya kiwandani vina kijitundu au valvu ndogo ya hewa, au tangi lina mrija wake wa kupumulia. Kifuniko cha tajiri kilikuwa na bati nene na mpira wa tyubu, kimeziba kila kitu. Fidi pampu ilikuwa inavuta kutoka kwenye chupa iliyozibwa mdomo. Jaribu kunywa soda kwa mrija huku umeziba mdomo wa chupa, utaona mwisho wake.

Na ndiyo maana likijazwa fulu lilikufa mapema. Tangi likijaa, hewa iliyobaki juu ni kidogo, ukichoma lita chache tu mvutano unakuwa mkubwa. Likiwa nusu, hewa ni nyingi, inachukua muda mrefu kuchoka. Dereva alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza. Aliyekuwa analizima lori ni tajiri mwenyewe, kwa kufuli lake.

Jamaa yangu alisimama pembeni ya barabara muda mrefu. Halafu akamwendea yule kijana, akamshika bega, akasema, "Mwanangu, nimekukosea." Kijana akajibu, "Yamepita, tajiri." Mimi nikajifanya naangalia matairi.

YA KUFANYA NA YA KUACHA

Msomaji, huenda kifuniko chako hakina kufuli. Lakini mambo yafuatayo yanamhusu kila mwenye lori, basi au pikapu ya dizeli yenye fidi pampu. Kata ukurasa huu umpe dereva wako.

Kwanza, lori likikosa nguvu bila moshi, legeza kifuniko cha tangi kabla hujafungua mfuko wa hela. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, umepata jibu bure. Kama kifuniko ni kibovu, nunua chenye kupumua. Mzee wa Mtoni alikiondoa kile cha tajiri, akakipeleka mezani mbali kabisa na tangi, akakitoboa na kuchomelea kijipaipu chembamba kilichokunjwa kuangalia chini ili mvua isiingie. Usithubutu kutoboa wala kuchomelea chochote kwenye tangi lenyewe, mvuke wa mafuta umeshaua mafundi.

Pili, jaribio la kidumu. Funga kidumu safi cha dizeli karibu na injini, ingiza mpira mfupi moja kwa moja kwenye fidi pampu, na ritani nayo iingie humo. Kiwe kimefungwa imara, mbali na ekzosi, na mdomo wake upumue. Lori likienda vizuri, fidi pampu yako ni nzima, ubovu uko kati ya tangi na pampu. Jaribio hili lingemwokolea jamaa yangu hela ya pampu aliyonunua Gerezani.

Tatu, hewa. Upande wa kuvuta ukiwa na tundu, dizeli haimwagiki nje, hewa ndiyo inaingia ndani. Ndiyo maana watu hawaoni. Weka kipande cha mpira mweupe unaoonekana ndani, washa injini, tazama kama kuna mapovu. Ukiona mapovu, kagua mipira iliyopasuka, klipu zilizolegea, na washa za shaba zilizotumika mara kumi. Kubana mpira kwa waya ni dawa ya kufika nyumbani, siyo ya kufanyia kazi mwaka mzima. Hakikisha pia kitasa cha pampu ya mkono kimekazwa baada ya kutumika.

Nne, uchafu. Fidi pampu nyingi za malori ya Kijapani zina kichujio kidogo cha wavu kwenye boliti ya kuingizia mafuta. Kuna lori linabadilishwa filta kubwa kila mara, lakini wavu huo haujawahi kufunguliwa tangu litoke Japani. Uoshe. Maji nayo yatoe chini ya kitenganishi kila asubuhi, hasa masika.

Tano, geji mbili ni bora kuliko moja. Pima kabla ya filta na baada ya filta, injini ikizunguka kwa kasi. Kabla ni nzuri na baada ni mbovu, filta imeziba. Zote mbovu, rudi nyuma kwenye fidi pampu na upande wa kuvuta. Vyote vizima na presha bado iko chini, tazama valvu ya ritani.

Sita, usitafute presha kwa nguvu. Kuna mafundi wanaziba ritani au wanavuta springi ya valvu ili presha ipande. Hewa inakosa pa kutokea, joto linabaki kwenye pampu, na mafuta yanatafuta njia kwenye sili. Presha kubwa mno siyo sifa. Fuata kitabu cha injini.

Saba, chomoa dipstiki. Oili ikiongezeka badala ya kupungua, na ikinuka dizeli, kuna mafuta yanavujia kwenye oili. Moja ya sababu ni fidi pampu iliyochoka, hasa zile za mpira wa ndani kama za Bedford na matrekta ya Massey Ferguson. Lizime lori hapo hapo, oili nyepesi inaua beringi.

Nane, mafuta yenyewe. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, dizeli ilipokuwa inachanganywa na mafuta ya taa? Serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, na katika bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili wachakachuaji wasipate faida. Kwa pampu ubaya wake ni kwamba mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli, na vyuma vya injekta pampu vinasagika. Dizeli ya bei ya ajabu ya kwenye vidumu usiiguse.

HATA MAREKANI WAMELIA

Usidhani ni sisi tu. Kule Marekani kuna pikapu kubwa za Dodge Ram zilizotoka kati ya 1998 na 2002 zikiwa na injini ya Cummins ya lita 5.9. Zilikuwa na fidi pampu ya umeme na injekta pampu ya Bosch inayoitwa VP44. Ile VP44 inapozwa na kulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Fidi pampu ikidhoofika, gari linaweza kuendelea kutembea kama kawaida huku pampu kubwa inaungua pole pole, mpaka siku inakufa kabisa. Wenye magari hayo waliposhtuka wengi wakafunga geji ya presha mbele ya dereva. Geji ya bei ndogo inalinda pampu ya bei kubwa.

Na hapa kwetu tuna mfano mkubwa zaidi. Bomba la TAZAMA linaanzia Kigamboni, linakwenda kilometa 1,710 mpaka Ndola, Zambia. Lilianza kazi mwaka 1968 likipeleka mafuta ghafi, na mwaka 2023 likageuzwa kupeleka dizeli. Unafikiri dizeli inapandaje milima yote ile? Kuna vituo vya pampu njiani, na kuna watu wanaotazama presha usiku na mchana. Kama bomba la serikali mbili linatazamwa geji, kwa nini Fuso lako lisitazamwe?

MWISHO WA KISA

Jumatatu kijana wa Yombo hakurudisha funguo. Alipakia saruji Wazo, akapanda Pugu, akashusha Kisarawe na kurudi kabla ya magharibi. Injekta pampu haikushushwa, laki nane ikaenda shuleni, na mama watoto ameanza kumwita mumewe "baba" tena.

Na wizi wa mafuta je? Tajiri bado ana kufuli, simlaumu, mali ni yake. Lakini sasa kifuniko kinapumua, ndani ya shingo ya tangi kuna wavu wa chuma unaozuia mpira wa kunyonyea, na ufunguo wa akiba anao dereva. Lile daftari la kilometa lilionyesha kitu kimoja, ulaji wa mafuta haukubadilika tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa anaiba. Lori lenye mzigo linakula, basi.

Nimejifunza jambo dogo. Gari likiumwa, mwulize kwanza anayeliendesha, na umwulize kama mtu, siyo kama mtuhumiwa. Wenye vijiwe wana maneno mengi, lakini hawakuwepo pale Pugu jua likiwaka.

Mkewe kijana amejifungua salama, mtoto wa kiume. Jina amepewa la yule fundi mzee wa Mtoni. Tajiri aliponisimulia alijifanya amekasirika, "Mshahara nalipa mimi, jina anapewa mwingine!"

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutarudi kwenye matairi ya mtumba, namna ya kusoma tarehe yake kabla muuzaji hajakuchangamkia. Endesha salama, na leo ukipita kwenye lori lako, lifungue kifuniko usikilize.